Usimpige Anayekuja Akiitwa

Somo: Injili ya Luka, sura ya 15, mstari wa 11 hata 32.



Nyumbani mwa Wakristo wengi yupo mbwa. Usiku hulinda zizi na mlango. Mchana hulala kivulini karibu na jiko, na watoto hucheza naye. Wengine wetu humtazama kama chombo cha nyumba, sawasawa na jembe au mtungi. Lakini Maandiko hayamtazami mnyama hivyo. Katika Mithali, sura ya 12, mstari wa 10, twafundishwa ya kuwa mtu wa haki huiangalia hali ya mnyama wake. Basi haki ya mtu haipimwi kanisani tu, wala barazani tu mbele ya wazee. Hupimwa na uani pia, mahali asipoonwa na mtu ila na mnyama wake.

Mwezi huu nataka tulitazame jambo moja dogo: jinsi mbwa anavyofundishwa kuja akiitwa. Labda mtasema, "Hilo ni jambo la watoto." Lakini Bwana wetu alichukua mifano yake katika chachu na haradali na shomoro, wala hakuona haya. Nami naona ya kuwa katika jambo hili la uani limo neno litupasalo sana sisi walimu, wazee wa kanisa na wazazi.

1. Jinsi mbwa anavyojifunza

Mbwa hajui Kiswahili, wala Kichaga, wala Kisambaa. Neno "njoo" kwake ni sauti tu, mpaka wewe uitie maana. Basi chukua kipande kidogo cha nyama au cha ugali, kadiri ya ukucha wa kidole gumba. Simama hatua mbili tatu mbele yake. Mwite jina lake mara moja, useme "Njoo," ukirudi nyuma kidogo ili apende kukufuata. Akifika, mpe chakula papo hapo, pamoja na neno jema. Usikawie, kwa maana mbwa huyafunganisha malipo na tendo lake la mwisho. Ukichelewa, atadhani amelipwa kwa kunusa ardhi au kwa kujikuna.

Fanya hivyo mara tano au sita, kisha uache. Dakika tano asubuhi na dakika tano jioni zina faida kuliko saa nzima ya kumchosha. Kesho yake ongeza hatua chache. Akisha kulijua neno uani, mfundishe njiani penye watu na kuku, akiwa amefungwa kamba ndefu. Na watu wote wa nyumbani walitumie neno lile lile. Baba asiseme "njoo" na mama "hapa" na watoto wakapiga mbinja tu, maana mbwa atachanganyikiwa, wala kosa si lake.

Akitaka mtoto wako kumfundisha kukaa, na akishike chakula mbele ya pua ya mbwa, akiinue polepole juu ya kichwa chake kuelekea mgongoni. Kichwa kikipanda, makalio hushuka yenyewe. Hapo aseme "Kaa," na ampe. Akitaka kumfundisha kutoa mkono, na akifumbe chakula katika ngumi na kuishusha chini. Mbwa atanusa, atalamba, na mwishowe atakwangua kwa mguu wake wa mbele. Hapo ngumi ifunguliwe. Baada ya siku chache watoto watacheka kwa furaha wakimwona mbwa akiwaamkia kwa mkono. Nanyi tazameni: hakuna aliyemshurutisha, wala aliyeuvuta mguu wake. Amelipata tendo mwenyewe, na mkono uliofunguka ulimwambia kwamba ni lenyewe.

Wataalamu wamelichunguza jambo hili. Mwaka 1898 Mmarekani Edward Thorndike alieleza habari za paka na mbwa aliowatia katika visanduku, ili aone watajifunzaje kujifungulia. Akaona ya kuwa tendo lililomletea mnyama jambo jema hurudiwa, na kila mara hufanyika upesi zaidi. Hapo kwanza alifikiri ya kuwa adhabu huondoa tendo kwa nguvu ile ile ambayo malipo hulithibitisha. Lakini kufika mwaka 1932, baada ya majaribio mengi zaidi, aliyageuza maneno yake, akakiri ya kuwa adhabu haina nguvu iliyo sawa na ya malipo.

Wala si mbwa tu. Hapa Tanzania, mjini Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini, na kutambua ugonjwa wa kifua kikuu katika makohozi. Panya akipata sawa, husikia mlio mdogo, kisha hupewa chakula. Mmoja wao aliyeitwa Magawa alizaliwa Tanzania, akafanya kazi nchini Kambodia, na mwaka 2020 alipewa nishani ya dhahabu na shirika la Uingereza la kuwatunza wanyama. Mnyama ambaye sisi humtegea mitego shambani amewaokoa watu na mauti, naye hakufundishwa kwa fimbo.

2. Mbwa aliyeitwa akapigwa

Sasa nifuateni kwa makini, maana hapa ndipo penye jambo lenyewe.

Tuseme kamba imekatika usiku, na mbwa ametoroka. Asubuhi bwana wake anasikia ya kuwa mbwa ameonekana sokoni, tena ameiba nyama ya mchinjaji. Anatoka na fimbo, na hasira imempanda. Anamwona kwa mbali, anamwita jina lake. Mbwa anaisikia sauti anayoijua, anauacha mfupa wake, anakuja mbio mkia ukitikisika. Akifika miguuni pa bwana wake, fimbo inamshukia.

Bwana wake anarudi nyumbani akisema moyoni, "Leo nimemfundisha asiibe tena." Hakumfundisha hivyo. Wizi ulikuwa jambo la alfajiri, nao ulimlipa nyama. Jambo la mwisho alilolitenda mbwa kabla ya kupigwa ni kuja alipoitwa. Hilo ndilo aliloadhibiwa, na hilo ndilo atakaloliacha. Siku nyingine akiitwa atasimama mbali, atainamisha masikio, atamtazama bwana wake wala hatasogea. Hapo bwana wake atawaambia jirani, "Mbwa huyu ni mkaidi kabisa." Kumbe si mkaidi. Ni mwanafunzi mzuri, naye amelishika somo alilofundishwa.

Kwa sababu hiyo wafundishaji wa mbwa wana sharia moja wasiyoivunja: mbwa aliyekuja akiitwa asipigwe kamwe, hata akiwa amefanya nini. Ukitaka kumtenda jambo asilolipenda, kama kumwogesha au kumfunga, usimwite. Mwendee wewe mwenyewe ukamchukue. Neno "njoo" liwe daima neno jema.

3. Kichwa kilichoinama

Wengine watasema, "Lakini mbwa wangu ajua kosa lake. Nikimkemea huinamisha kichwa, hujikunja, hugeuza macho. Hiyo si toba?"

Jambo hilo pia limechunguzwa. Mwaka 2009 mtaalamu Alexandra Horowitz wa New York alitoa habari za mbwa 14 na wenyeji wao. Mwenyeji alimkataza mbwa kula kitu, kisha akatoka chumbani. Pengine mbwa alikila, pengine hakukila. Mwenyeji aliporudi aliambiwa, mara kweli na mara si kweli, kwamba mbwa amekosa au hakukosa. Ikaonekana ya kuwa ule uso wa hatia haukufuata kosa, bali ulifuata makemeo. Mbwa asiye na kosa, akikemewa, aliinamisha kichwa. Tena hao watii waliokemewa bure ndio walioonyesha uso huo zaidi.

Ndugu zangu, tulitafakari hilo. Tulichokiita toba kilikuwa hofu. Mwenye nguvu alisimama mbele yake na sauti kali, na mnyonge akajikunja. Na ikiwa twaweza kudanganyika hivyo kwa mnyama alalaye mlangoni petu kila siku, je, hatuwezi kudanganyika kwa mwanadamu?

4. Mlango wa kanisa

Mtu si mbwa, wala siwafananishi. Mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu, na Kristo amemfia. Lakini kwa sababu hiyo hiyo, ikiwa twaona aibu kumpiga mbwa aliyekuja akiitwa, imetupasa kuogopa zaidi kumpiga mwenzetu aliyeitwa na Kristo naye amekuja.

Kengele ya Jumapili ni wito. Mtu ambaye hakuonekana kanisani mwaka mzima anaisikia. Labda alikuwa mlevi. Labda aliishi na mke bila ndoa. Labda alikwenda mjini kutafuta kazi akaona haya kurudi mikono mitupu. Usiku amepigana na nafsi yake. Asubuhi amefua shati lake, amekuja. Naye mlangoni anakutana na sisi. Mmoja anamwambia, "Leo jua limetokea magharibi!" Mwingine anauliza kwa sauti, ili wote wasikie, "Je, umekumbuka na ahadi yako ya mwaka jana, ambayo hujailipa?" Na ndani, dada mmoja anasogeza nguo zake ili asikaliwe karibu.

Kadhalika binti aliyepata mimba bila kuolewa. Amekuja kwa wazee na mamaye kwa hiari yake, hakuletwa na mtu. Nao wanamsimamisha, wanamwuliza maneno ambayo baba yake mwenyewe hangethubutu kumwuliza, mpaka anainamisha kichwa na kulia. Kisha wanaandika katika kitabu ya kuwa ametubu. Mungu peke yake ajua kama ni toba, au kama ni kichwa kilichoinama mbele ya fimbo.

Twadhani tumewafundisha kuacha dhambi. Hatukuwafundisha hivyo, maana dhambi ilikuwa jambo la jana. Jambo la mwisho walilolitenda kabla ya kupigwa ni kuja. Jumapili ya pili kengele italia, nao wataisikia, nao watasimama mbali. Na sisi tutaandika katika taarifa ya usharika, "Watu hawa wana mioyo migumu."

5. Baba aliyekwenda mbio

Sasa lisomeni tena somo letu, mkimtazama baba. Mwana alikuwa ametapanya mali, amefika mpaka wa kulisha nguruwe. Njiani alitunga maneno yake: atakiri dhambi, atasema hastahili kuitwa mwana, ataomba kazi ya kibarua. Lakini angali mbali baba alimwona, akaingiwa na huruma, akaenda mbio, akamwangukia shingoni. Mzee wa heshima hakimbii njiani mbele ya watu, huyu alikimbia. Mwana alipoanza maneno yake, baba hakumngoja afike kwenye ombi la kibarua. Aliagiza joho na pete na viatu.

Je, baba alisema kutapanya mali ni vema? Hakusema. Alisema ya kuwa mwanawe alikuwa amekufa, na hakuna neno kali kuliko hilo. Lakini hakuuchagua mlango wa nyumba uwe mahali pa fimbo.

Wahenga walisema, mbwa hafi maji akiona ufuko. Aliyechoka kuogelea hupata nguvu mpya akiona nchi kavu i karibu. Huyo mwana nguvu yake ya kurudi ilitoka wapi? Alikumbuka ya kuwa nyumbani kwa baba yake hata vibarua hushiba. Aliujua mkono wa baba yake kuwa ni mkono utoao. Angaliujua kuwa mkono wa fimbo, angalibaki kwa nguruwe mpaka afe.

Na yule ndugu mkubwa, aliyekuwa shambani akifanya kazi, ambaye hakukosa ibada wala ahadi, ndiye aliyesimama nje akikasirika. Yafaa sisi wafanya kazi katika shamba la Bwana tusome habari zake polepole.

6. Martin Luther na mbwa wake

Baba yetu Martin Luther alikuwa na mbwa nyumbani mwake Wittenberg, jina lake Tölpel, ambalo kwa Kijerumani ni kama kumwita "Mjinga." Mwaka 1532, wakiwa mezani, mbwa huyo alikuwa akikitazama kipande cha nyama kwa kinywa wazi, asigeuze macho hata kidogo. Luther alipomwona alitamani ya kuwa yeye mwenyewe angeweza kuomba hivyo, mawazo yake yote yakiwa katika jambo moja kama mawazo ya mbwa yalivyokuwa katika ile nyama.

Kumbukeni ni nani aliyetamani hivyo. Alipokuwa mtawa kijana, Luther alimwogopa Mungu kama hakimu mwenye hasira. Mwaka 1545, karibu na mwisho wa maisha yake, aliandika ya kuwa zamani aliyachukia maneno "haki ya Mungu," mpaka alipofahamu katika Waraka kwa Warumi, sura ya 1, ya kuwa haki hiyo ni kipawa apewacho mwenye kuamini. Tangu hapo aliutazama mkono wa Mungu kwa macho mengine.

Mbwa wa Luther aliweza kukazia macho mkono wa bwana wake kwa sababu mkono huo ulikuwa umempa. Mbwa aliyezoea kupigwa hautazami mkono hivyo. Akiuona umeinuliwa, hata ukiwa na nyama, hujikunja. Basi tukiwa na watu katika sharika zetu wasioomba, tusiulize tu kama ni wavivu. Tuulize pia ni mkono wa namna gani tuliowaonyesha kwa jina la Mungu.

7. Je, tusionye?

Najua swali lililo moyoni mwenu, ndugu wazee. Je, tuache kuonya? Mbwa aachwe aibe nyama, na Mkristo aachwe katika dhambi?

Hasha. Mwenye mbwa mwenye akili hufunga mlango wa banda la kuku kabla ya usiku. Huitengeneza kamba iliyochakaa. Humchanja mbwa wake ili asipate kichaa, hata kama mbwa haipendi sindano, kwa maana kichaa cha mbwa huua, na uhai wa watoto na wa jirani wategemea chanjo hiyo. Hayo yote ni maonyo na ulinzi, wala hakuna hata moja lifanyikalo kwa hasira mbele ya anayekuja.

Nasi vivyo hivyo. Ukitaka kumwonya ndugu yako, usingoje mpaka aje kanisani. Mwendee wewe. Bwana wetu, katika Mathayo, sura ya 18, alitufundisha kumwendea aliyekosa tukiwa sisi na yeye peke yetu, tena alitupa mfano wa mchungaji aliyeziacha kondoo 99 akaenda kumtafuta mmoja. Onyo lina miguu. Huenda nyumbani kwa mtu, hukaa naye kwenye kigoda chake, husema kweli yote kwa sauti ya chini. Bali wito wa Injili ukisha kumleta mtu, wito huo uwe neno jema, kama lilivyo.

8. Neno la mwisho

Basi, ndugu walimu na wazee, nawapa kazi mbili za mwezi huu.

Ya kwanza ni ya nyumbani. Wafundisheni watoto wenu kumfundisha mbwa kuja na kukaa na kutoa mkono, kwa vipande vidogo vya ugali na kwa maneno mema, bila jiwe wala teke. Mtoto anayejifunza kumngoja mbwa asiyeelewa upesi anajifunza saburi, nayo atakuwa na haja nayo siku atakapokuwa mzazi.

Ya pili ni ya usharika. Kila mmoja na amtaje moyoni mwake mtu mmoja ambaye zamani alikuwa pamoja nasi, naye sasa asikiapo kengele husimama mbali. Usitume mtu wa kumwita. Mwendee. Na ikiwa yeye mwenyewe atakuja Jumapili hii, usimwulize alikuwa wapi. Msogelee, mpe nafasi katika benchi lako na kitabu chako cha nyimbo, uimbe pamoja naye.

Maana sisi sote tulikuja kwa kuitwa, tukiwa na nyama ya wizi vinywani mwetu, na hakuna hata mmoja wetu aliyepigwa mlangoni. Fimbo iliyotustahili ilimwangukia Mwingine. Yeye na aifanye mikono yetu ifanane na mikono yake. Amina.